Kimeza Kitupu Mlangoni

Sumbawanga,
9 Machi 2025

Kwako mke mwenzangu, Bibi Fortunata,

Shikamoo Bibi. Shikamoo nyingine mfikishie mume wetu, Babu Kasimiri, na umwambie asidhani kwa kuwa mjukuu wake niko mjini basi nimekuachia wewe peke yako. Mimi ni mzima. Baba na Mama hapa Mollo wanakusalimu, mahindi yao yamesimama vizuri, ila mvua ya mwaka huu hainyeshi, inamwagwa.

Nimekupigia simu wiki nzima, inaita mpaka inachoka. Siku ya tano akapokea Ndalahwa, jirani yenu wa ng'ombe, akaniambia simu umempa iwe yake, pamoja na chaja. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Bibi yako anasema simu haina adabu." Haya, nimerudi kwenye karatasi. Kondakta wa basi la Namanyere ataichukua barua hii, naye ataitafutia gari la kuifikisha dukani kwa Stefania.

Bibi, nimepata kazi! Ni ya mpaka mwisho wa Julai tu, lakini ni kazi. Ukumbini mjini yanakuja maonyesho ya ufinyanzi wa kisasa kutoka Zambia. Vyombo arobaini na vitatu vya udongo, vya wasanii wa Lusaka, Ndola na Kasama, wanaofinyangia kwenye karakana zao na kuchoma kwenye matanuru ya umeme. Mimi nitawapokea watu, niwatembeze na kuwaeleza. Msimamizi wetu ni Mzambia, dada Sharon, mcheshi sana, anavaa makoti mawili na bado analalamika baridi.

Sasa sikiliza. Juzi dada Sharon alituita akasema wageni hawaingii nyumba ya watu bila mwenyeji kuwapokea. Anataka mlangoni kikae chungu kimoja cha Ufipa, kipokee hao arobaini na watatu. Akauliza nani anamjua mfinyanzi. Mdomo wangu ukatangulia, nikasema, "Bibi yangu."

Nilikumbuka ulivyokuwa ukivitoa vyungu kwenye majivu, unakigonga kila kimoja kwa kifundo cha kidole, unainamisha sikio, halafu unakitenga huku au kule. Nilikuwa mdogo, nikaamini vinakujibu. Basi naomba chungu kimoja tu, Bibi, hata kidogo. Ufunguzi ni tarehe 16 Mei.

Mjukuu wako na mke mdogo,
Kalista


Nyumbani, Nkasi,
23 Machi 2025

Kwa mke mdogo Kalista,

Marahaba, yangu na ya mume wetu. Barua yako ilikaa dukani kwa Stefania siku tisa chini ya gunia la chumvi, imenifikia ikiwa na ladha. Wasalimu wazazi wako. Mwambie baba yako anyooshe mgongo anapopalilia, tangu mtoto anapalilia kama mtu anayetafuta sindano.

Sisi huku tu wazima, na ulezi unaanza kutoa masuke. Kinachonishangaza ni Babu yako, amezeeka ghafla. Mtu tuliyezoea kumsikia akifoka mpaka mbwa wanaondoka, siku hizi ananong'ona. Anachezesha midomo tu kama anasali rozari. Nikimwambia aseme kwa sauti, ananuna. Na yule jogoo mwekundu naye ameacha kuwika. Sijui ni ugonjwa gani umeingia hapa nyumbani.

Simu nimempa Ndalahwa kwa hiari yangu. Ana ndugu wengi Usukumani wa kupigiana nao. Mimi kalamu inanitosha. Masista wa Kaengesa hawakunichapa viboko vya mwandiko ili uzeeni nije kubonyezabonyeza.

Nimekupongeza kwa kazi, nimempongeza na Mungu. Lakini hivyo vyombo vyenu nimevisoma mara mbili sijavielewa. Havipikiwi maharage, havitiwi pombe wala maji, moto wenyewe vimeonja mara moja tu, na wa umeme. Vinafanya nini sasa? Vinakaa tu kama wakwe waliokuja kusalimia?

Chungu changu hakitapatikana. Bonde tunakochimba udongo limejaa maji, hata chura anaingia kwa uangalifu. Mwambie dada Sharon mwenyeji amesafiri. Na mpelekee koti la tatu.

Ni mimi bibi yako,
Fortunata


Sumbawanga,
11 Aprili 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini mfungo wa Kwaresima unaumaliza salama na Babu amepata sauti yake. Hapa Mollo Mama amekamua alizeti kidogo, anakutumia chupa moja kwa kondakta huyu huyu. Ukiipata imepungua, ujue ni yeye.

Wakwe wamefika! Yalikuja makasha kumi na moja yamejazwa nyasi na magazeti, tukavitoa kimoja kimoja kama mayai. Bibi, natamani ungeona. Kuna bakuli jembamba mpaka mwanga wa dirisha unapita. Kuna chungu chenye midomo miwili iliyoelekeana, unaona kabisa inagombana. Vingine vimepakwa maji ya rangi kabla ya kuchomwa, yakayeyuka yakawa kama kioo, ukitazama unajiona umo ndani. Kikubwa kuliko vyote ni cheupe, kimo chake cha mtoto wa darasa la pili, kimefinyangwa na mama mmoja wa Kasama. Amekipandisha kwa mikono, pindi ya udongo juu ya pindi, kama wewe. Dada Sharon anakipenda mpaka anakiamkia asubuhi.

Sasa nikiri kosa. Kadi za mwaliko zimeshachapwa, mia moja na ishirini, na chini kabisa zimeandikwa: "Mtapokelewa na chungu cha Bibi Fortunata wa Nkasi." Fundi seremala naye ametengeneza kimeza kirefu cha mbao cha kuweka mlangoni, na jina lako lipo juu yake kwenye kibao. Nilikuwa na hakika ungekubali. Maji bondeni yatapungua, si ndiyo? Nikija mwenyewe Jumamosi nikachimba udongo?

Wako mwenye hofu,
Kalista


Nyumbani, Nkasi,
22 Aprili 2025

Kalista,

Marahaba. Mafuta yamefika yamejaa, mwombe radhi kondakta wa watu.

Pasaka ilikuwa njema. Tulimla yule jogoo. Nilimwambia Babu yako kwamba jogoo asiyewika anamaliza mahindi bure. Babu yako alichezesha midomo sana siku hiyo, akarusharusha mikono, kisha akatoka nje akaenda kukaa kwa Ndalahwa. Hata paja hakula. Uzee huo.

Sasa kuhusu kadi. Hilo limeniuma, na ninakuambia wazi kwa sababu nakupenda. Mama yangu alikuwa na sheria moja uani kwake, nami nimeishika miaka hamsini: chungu hakivuki uzio mpaka mfinyanzi mwenyewe amekigonga na kukikubali. Kikilia vizuri, kinakwenda kwa watu. Kikikoroma, kina ufa, kinavunjwa hapo hapo hata kama kimependeza namna gani. Wewe umenitoa mimi kwa watu mia na ishirini bila kunigonga.

Usije Jumamosi. Nimeacha kufinyanga tangu mwaka jana. Goti linauma, kuni ziko mbali, na mikono imezoea jembe. Mtafute Cornelia wa Kaengesa, anafinyanga vizuri kama hana haraka. Fundi afute jina langu kwenye kibao, aandike la Cornelia.

Babu anakusalimu, nadhani. Sikuelewa alichosema.

Bibi yako,
Fortunata


Sumbawanga,
19 Mei 2025

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kadi. Nilisoma barua yako nikajiona mdogo kama punje ya ulezi. Baba naye aliisoma, akaniambia nimestahili.

Sikumtafuta Cornelia. Nilimwambia dada Sharon ukweli, kwamba nilisema ndiyo kabla ya kukuuliza. Akacheka, akasema kimeza kibaki pale pale na jina pale pale, mwenyeji anaweza kuchelewa. Basi Ijumaa tumefungua, na kimeza chako kitupu kimekuwa maarufu kuliko vyombo vyote. Mwalimu mmoja alikizunguka mara tatu akaniuliza ni udongo wa aina gani usioonekana. Mama mmoja aliyetoka Namanyere alikipiga picha. Kijana mwingine akasema, "Huyu Bibi Fortunata ni noma, amefinyanga hewa." Wamekusifu sana, Bibi. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka.

Jumamosi Minza, mke wa Ndalahwa, alikuja mjini sokoni, akapita ukumbini kunisalimu. Nikamuuliza habari za Babu kunong'ona na za jogoo kuwa bubu. Minza akaweka kapu lake chini. Akasema, "Kalista, hivi wewe hujui? Yule jogoo alikuwa anawika mpaka anatukera sisi ng'ambo ya mto. Na Babu yako hanong'oni. Anapiga kelele mpaka ng'ombe wetu wanageuza shingo. Bibi ndiye hasikii. Ukimjia kwa nyuma hata hodi haitiki, ukimjia kwa mbele anakusoma midomo anacheka."

Nilimcheka yule jogoo maskini, aliyeliwa Pasaka bila kosa. Halafu nikaenda nyuma ya ukumbi nikalia. Kwa hiyo simu haikukosa adabu, Bibi. Ulikuwa huisikii. Miezi yote hii unaniandikia mambo ya chura na goti, na mimi nakulaumu moyoni kwamba umekuwa mgumu.

Kwa nini hukuniambia? Mimi ni mtu wa kufichwa?

Hospitali ya mkoa ina watu wa masikio. Njoo, nitakupeleka mimi mwenyewe. Chungu achana nacho.

Kalista wako


Sumbawanga,
8 Juni 2025

Bibi,

Shikamoo. Wiki ya tatu hii hujanijibu. Kondakta anasema barua aliifikisha, na kwamba Stefania alikupa mkononi. Umekasirika? Hapa Mollo wote wazima, baridi imeanza kweli kweli, dada Sharon sasa anavaa na blanketi.

Nakuandikia kwa sababu ukumbini kumetokea jambo, nami sikuwepo. Alhamisi nilikwenda Kaengesa kuwapelekea walimu mialiko ya wanafunzi. Niliporudi jioni nilimkuta mlinzi wetu Felisian ameshika kichwa. Anasema saa nne asubuhi aliingia bibi mmoja mfupi, ana kitenge cha bluu na viatu vya mvua. Alisimama kwanza mbele ya kile kimeza kitupu, akakisoma kile kibao muda mrefu. Kisha akaingia ndani, na bila kumuuliza mtu akaanza kugonga vyombo. Kwa kifundo cha kidole! Kila mahali tumebandika karatasi, "Usiguse," yeye anagonga tu, cha kwanza, cha pili, cha tatu.

Felisian akamwendea akasema, "Bibi, hairuhusiwi." Yule bibi akamjibu, "Marahaba, mwanangu." Akaendelea. Akamwambia tena, kwa ukali. Akajibiwa, "Wazima kabisa, tunamshukuru Mungu."

Mpaka hapo alikuwa anainamisha sikio na kutikisa kichwa. Alipofika kwenye kile kibakuli chembamba aliinama mno, paji lake la uso likakigusa. Akagonga. Felisian anasema alisimama hivyo hivyo kama aliyeitwa jina. Akagonga tena. Kisha akaanza kulia. Felisian akadhani amemkaripia kupita kiasi, akamletea kiti, na yule bibi akakataa kiti, akarudi kwenye chombo cha kwanza kabisa na kuanza upya. Safari hii kila chombo anakiwekea paji la uso, vyote arobaini na vitatu. Watu wakaacha kutazama vyombo wakawa wanamtazama yeye.

Alipomaliza alimshika Felisian mkono, akampeleka mpaka kwenye kile cheupe cha mama wa Kasama. Akasema, "Hiki kina ufa chini. Msikinyanyue kwa shingo." Akaondoka.

Dada Sharon alikilaza juu ya godoro akamulika kwa tochi. Ufa upo, Bibi! Uko kitakoni, chini ya ile rangi ya kioo, mwembamba kama unywele. Ni mtikisiko wa lori na barabara. Angekinyanyua kwa shingo siku ya kufungasha, angebaki na shingo mkononi. Amempigia simu mfinyanzi wake huko Kasama, wamelia wote wawili, wamecheka wote wawili, na sasa anamtafuta yule bibi mji mzima.

Je, unamfahamu?

Kalista


Nyumbani, Nkasi,
15 Juni 2025

Kwa Kalista, mke mdogo mwenye maswali,

Marahaba. Wape pole wote kwa baridi. Sisi tumeshavuna ulezi, umejaza vihenge, na Babu yako anaota moto na kufoka. Najua anafoka kwa sababu mishipa ya shingo imesimama.

Mwanamke huyo simfahamu. Ila nasikia viatu vya mvua alivaa kwa sababu kulikuwa na umande alipotoka kwake alfajiri, asionekane mshamba bure.

Nilikuja, Kalista. Nilitaka nikuone uso kwa uso nikujibu lile swali lako, sikukukuta, na mlinzi nilimsoma midomo akimwambia mgeni mwingine kuwa umekwenda Kaengesa. Basi nikujibu hapa.

Mwaka jana Oktoba Stefania alimwoza binti yake. Nilimfinyangia chungu kikubwa cha kupikia maharage ya harusi. Nilikigonga kama siku zote. Sikusikia kibaya. Ukweli ni kwamba sikusikia kitu, lakini nilijiambia upepo ulikuwa mwingi. Chungu kilipasuka motoni mbele ya wakwe. Maharage yote yakaingia kwenye majivu, wageni wakala wali mkavu. Stefania hakunisema hata neno moja, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Nilirudi nyumbani nikagonga vyungu vyote vilivyobaki, kimoja kimoja, na vyote vilikuwa kimya. Nikajua si upepo.

Sikukuambia kwa sababu ningekuambia ungeacha kuniomba. Ulipokuwa unaniomba chungu, hata nikikukatalia, nilikuwa bado mfinyanzi. Nimeandika hivyo nimeona aibu, lakini sifuti.

Siku ile nilikuja kuwatazama hao wakwe wako wanakaaje. Nikaona jina langu juu ya mbao tupu. Nikaingia kwa hasira. Nilivigonga kwa mazoea tu, mkono haukuniuliza. Nilipoinama kwenye kile kibakuli, paji langu likagusa, nikagonga, na kikalia ndani ya kichwa changu. Kilipita kwenye mfupa, Kalista, si kwenye sikio. Kililia kama kengele ya Kaengesa ninavyoikumbuka. Tangu mwaka jana sikuwa nimesikia chungu. Ndiyo, nililia. Mwambie yule mlinzi hakunikosea, na kiti chake kilikuwa kizuri.

Nirudishe maneno yangu pia. Nilisema havifanyi kazi, na sasa naona vimenifanyia mimi. Hao watu wa Zambia wanajua moto. Yule mama wa Kasama pindi zake amezipanga vizuri kuliko mimi, mwambie nimesema, lakini usiseme kwa sauti sana.

Nilipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko kwenye vile vyungu vya mwaka jana. Udongo wetu sauti yake ni nzito zaidi, lakini ipo. Kati ya sita, vinne vililia, viwili vilikoroma. Hivyo viwili nimevivunja siku hiyo hiyo, vigae vyake vinasagwa viingie kwenye udongo mpya.

Bonde limekauka. Kesho nakwenda kuchimba. Hospitali nitakwenda nawe ukipata likizo, nikimaliza chungu, si kabla. Na uache kuwaambia watu habari za jogoo.

Bibi yako,
Fortunata


Nyumbani, Nkasi,
13 Julai 2025

Kalista,

Barua hii inakuja na Ndalahwa. Amemkataza kondakta asikiguse chungu, atakaa nacho mapajani mpaka Sumbawanga. Mpe chai na umkande magoti, yatakuwa yamekufa ganzi.

Babu yako mzima. Nimemwomba radhi kwa jogoo. Nilimwambia anijibu akiwa ameniwekea paji lake kwenye paji langu, tuone kama mfupa ni mfupa. Sauti ilipita. Maneno yenyewe siyaandiki, ila alianza na jogoo akamalizia na vyungu vyote vilivyopasuka tangu tuoane.

Nilitengeneza vitatu. Nilivikausha ndani wiki mbili kwa sababu ya baridi, nikavisugua kwa lile jiwe la mama yangu, na Minza akanipa samadi kavu ya ng'ombe wao, inachoma polepole kuliko kuni. Kimoja kilikoroma, nimekivunja. Cha pili nimempelekea Stefania. Alikitazama, akanitazama, nikakipigia hodi mbele yake kwa paji la uso kama mwendawazimu. Siku hiyo hiyo alipika maharage, tukala wote. Hakikupasuka.

Cha tatu ndicho hiki. Begani kwake utaona sehemu moja inang'aa kuliko nyingine. Sikuisugua kwa jiwe. Ni mafuta ya paji langu, maana nimekigonga kila siku tangu kilipotoka motoni, mara nyingine bila sababu. Dada Sharon asiifute.

Nimekikubali. Kinaweza kwenda kwa watu.

Fortunata, mfinyanzi


Sumbawanga,
21 Julai 2025

Bibi yangu,

Shikamoo wewe, shikamoo Babu. Ndalahwa alifika na chungu kizima na magoti mabovu. Mama alimkanda kwa maji ya moto, akanywa chai vikombe vitano, na kila kikombe alitueleza kona ya barabara aliyokiinua juu ili kisitikiswe.

Tulikiweka Alhamisi asubuhi. Dada Sharon alikizunguka, akavua kofia yake ya sufu, na hakuna aliyewahi kuona nywele zake. Kisha akaenda ofisini akarudi na karatasi ya "Usiguse" kama za vyombo vingine. Nikamwambia, "Dada, hiki hapana." Nikachukua kalamu, nikaandika kwa mwandiko wa masista ulionirithisha: "Weka paji la uso hapa panapong'aa. Gonga taratibu kwa kifundo cha kidole."

Felisian ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alivua kofia ya ulinzi, akainama, akagonga, akainuka ametoa macho. Akasema, "Marahaba, Bibi." Tulicheka mpaka dada Sharon akakaa chini. Tangu hapo foleni haikatiki. Wamekuja wanafunzi wa Kaengesa darasa zima, masista, mafundi wa sokoni, na bwana mmoja mkubwa wa ofisi aliyegonga kwa adabu kama anaingia kwa bosi wake. Yule mwalimu aliyesifu hewa yako alirudi, akainama kwa muda mrefu, akaniambia hiki ni bora zaidi. Mama wa Kasama ametumiwa video, naye anauliza kama utampokea mwezi wa Septemba, aje achimbe udongo nawe. Safari hii sijasema ndiyo. Nakuuliza wewe.

Mimi nilisubiri mpaka saa kumi na moja jioni, watu walipokwisha. Niliweka paji langu pale ulipoweka lako. Tunalingana, Bibi, sikulazimika hata kunyanyua kisigino. Nikagonga. Unajua nilikuwa nafikiri nini nilipokuwa mdogo pale uani kwako, kwamba vyungu vinakujibu? Sikukosea. Nilisimama pale mpaka kikanyamaza, halafu nikagonga tena.

Tunafunga Jumapili. Jumatatu nakuja nyumbani, na Alhamisi tuna miadi hospitali, mimi na wewe na mume wetu.

Mke mwenzako,
Kalista

N.B. Kwenye kapu alilobeba kondakta kuna jogoo mwekundu, zawadi kutoka kwa dada Sharon, ambaye mtu fulani alimsimulia yote. Akikaa kimya, muulize Babu kwanza.